Kupaa Moto kwa Jirani

Wewe unayejifunza Kiswahili, huenda siku moja ukahamia mji usioujua. Utapelekwa huko na masomo, kazi, ndoa, au vita ambavyo hukuvianzisha wewe. Utashusha godoro, ndoo na masanduku mbele ya nyumba ya kupanga. Watoto wa mtaa watakutazama. Mtu mzima mmoja atakusalimu, kisha ataendelea na shughuli zake. Jioni utafunga mlango na kubaki na kuta ambazo bado hazina hata msumari wa kutundikia koti. Ninataka kuzungumza nawe juu ya siku zinazofuata hapo. Vitabu vya uraia huziruka. Hutufundisha katiba, bunge, haki na wajibu, kisha hutuambia kwa sentensi moja kwamba tuishi vizuri na majirani, bila kutuonyesha pa kuanzia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari nchini Rwanda. Nilizaliwa na kulelewa kusini mwa nchi, upande wa Huye. Mwezi Januari 2023 nilihamia Rubavu, mji ulio kwenye ufuo wa Ziwa Kivu ambao wengi bado huuita kwa jina lake la zamani, Gisenyi. Ukivuka mpaka kwa miguu unajikuta Goma, nchini Kongo. Mume wangu alibaki Kigali kwa sababu za kazi. Mimi nilikuja na watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka miwili. Nyumba tuliyoipata ilikuwa bondeni, si mbali na mto Sebeya. Kodi yake ilikuwa nafuu.

Kabla sijaendelea, ulitazame kidogo neno lenyewe. Kiswahili kimelichukua neno "jirani" kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni wingi: mtu mmoja huitwa "jar", wengi ndio "jiran". Sisi tulilichukua neno la wengi tukalifanya la mmoja, kisha tukaliongezea wingi wetu tukapata "majirani". Kisarufi jirani ni mtu, kwa hiyo huja kwa upatanisho wa watu: jirani amefika, majirani wamefika. Lakini katika umilikaji tunasema jirani yangu na majirani zangu, kama tunavyosema rafiki yangu na ndugu zangu. Wanafunzi wangu hukosea hapo kila mwaka, nami huwaambia walikariri kundi hilo pamoja: ndugu, rafiki, jirani.

Sasa turudi Rubavu. Siku ya pili baada ya kuhamia, jioni, nilichukua kigae kikuukuu nikaenda kwa mzee wa nyumba ya pili kuomba makaa ya moto. Kiberiti nilikuwa nacho. Nilikiacha juu ya meza makusudi.

Kinyarwanda kina kitenzi kimoja kwa jambo hilo, "kurahura", yaani kwenda kuchukua moto kwa jirani. Kiswahili nacho kinacho: kupaa moto, kuchukua makaa yanayowaka kutoka jiko moja ili uwashe jingine. Vijana wengi hawakijui tena kitenzi hiki. Wakisikia "kupaa" hufikiria ndege au samaki anayetolewa magamba. Zamani mtu alipaa moto kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Mimi niliupaa kwa sababu nilihitaji kisa cha kubisha hodi. Mgeni anayefika na zawadi mkononi humfanya mwenyeji ajiulize anatakiwa kulipa nini. Mgeni anayefika na kigae kitupu humpa mwenyeji nafasi ya kuwa mkubwa. Nimehama mara nne katika maisha yangu ya kazi, na hilo ndilo ninaloliamini kuliko yote nitakayokuambia hapa: anza kwa kuomba kitu kidogo, na ukiombe kabla hujakihitaji sana.

Mzee alikuwa fundi viatu. Alikuwa ameishi pande zote mbili za mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha Goma. Jiko la mkaa aliliita "mbabula". Sisi kwa Kinyarwanda huliita "imbabura". Watoto kwake walikuwa "batoto", vitu vilikuwa "bintu", maji yalikuwa "mayi", na shukrani ilikuwa "aksanti". Alipojua kwamba mimi ni mwalimu wa lugha hiyo, alicheka akaniambia nisimpe alama.

Sikumpa, wala sikuwahi kumsahihisha. Ninalisema hili hasa kwa ajili yako wewe mwanafunzi, kwa sababu mtu aliyetoka kujifunza ngeli hupata homa ya kusahihisha. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, mzee huyu alikuwa ameshakitumia kwa miongo kadhaa kununulia ngozi, kubembelezea wadeni na kuzikia rafiki zake. Shuleni nitakufundisha kusema "watoto" na "vitu", na katika mtihani nitakukata alama ukisema vingine. Mlangoni kwa jirani, kazi yako ni kusikiliza.

Ni vizuri pia uyajue maneno ya kuombea, maana yanapangwa kwa adabu. Sufuria huazimwa, kwa sababu itarudi ileile. Unga na fedha hukopwa, kwa sababu utakachorudisha ni kingine chenye thamani ileile. Moto, chumvi kidogo na maji ya kunywa huombwa, kwa sababu hakuna anayengoja virudishwe. Anayesema "naomba sufuria yako" anaweza kueleweka kwamba anaitaka moja kwa moja, na mwenye sufuria akakuna kichwa. Mimi binafsi siwakopi majirani fedha, wala siwakopeshi. Sufuria nimeazimisha mpaka nyingine zimetoboka, lakini fedha ina tabia ya kumfanya mtu abadilishe njia ya kwenda sokoni ili asikutane nawe. Kwa mahitaji ya fedha tuna "ikimina", upatu wa mtaa, ambao kila mmoja huweka na kila mmoja hupokea kwa zamu, mbele ya macho ya wote. Niliingia katika ikimina mwezi wa pili, nikiingizwa na mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu.

Utaniuliza: je, serikali haina nafasi katika mambo haya? Inayo. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ngazi ya chini kabisa ya utawala ni majirani wenyewe. Tanzania ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960. Kenya ilianzisha mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013. Uganda, mgeni hupeleka habari zake kwa mwenyekiti wa LC1. Kwetu Rwanda, mtu hukaa katika "umudugudu", yaani kijiji au mtaa, na ndani yake kuna "isibo", kikundi cha kaya chache zenye kiongozi wao. Nilipofika nilijiandikisha kwa kiongozi wa isibo yetu kama inavyotakiwa. Aliandika jina langu, idadi ya watoto na nilikotoka. Lilikuwa jambo la dakika tano. Daftari lilinifanya mkazi.

Kilichosaidia zaidi ni "umuganda". Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, kila mkazi mwenye uwezo, wa miaka 18 hadi 65, hutoka kufanya kazi ya jumuiya: kufyeka, kuzibua mifereji, kupanda miti, kumjengea nyumba mtu asiyejiweza. Baada ya kazi hukaa mkutano. Ni sheria, na asiyefika anaweza kutozwa faini. Kuna wanaouona umuganda kama shuruti tu, na siwezi kusema kwamba hawana hoja. Urafiki haulazimishwi kwa faini. Lakini sheria inachokupa ni asubuhi moja ambayo kila mtu ameshika jembe na hakuna anayeonekana ana haraka. Mwezi Machi tulizibua mfereji uliokuwa ukipita nyuma ya nyumba zetu kuelekea mtoni. Ndani ya saa tatu zile nilijua nani ana mgongo mbovu, nani mwanawe amerudi kutoka Kampala, na kwa nini kijana wa nyumba ya kona hupiga muziki usiku. Tulikuwa tumeshagombana naye mara mbili juu ya muziki huo. Kumbe alikuwa zamu ya usiku, na ile saa yake ya kurudi ndiyo saa yake ya jioni. Hatukuwa marafiki baada ya hapo, lakini muziki ulipungua na mimi nikapunguza ukali.

Kisha ukafika mwezi wa Aprili.

Hapa lazima nikuambie jambo ambalo kamusi haiwezi kukupa. Katika nchi yetu neno "jirani" lina uzito wake. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, wako watu waliouawa na wale waliokuwa wakichota nao maji mahali pamoja. Wako pia waliofichwa darini, chini ya vitanda na katika mashamba ya migomba, na majirani waliojua vizuri kwamba anayeficha mtu amejitia kitanzi shingoni. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili nchi nzima hukumbuka, na katika kila mtaa watu hukusanyika kwa mazungumzo. Ndiyo maana hapa mgeni haulizwi ukoo wake. Unaulizwa unafanya kazi gani, watoto wanasoma wapi, umeyazoea maji ya hapa. Ukihamia Rwanda, msomaji wangu, nawe usiulize zaidi ya hapo. Watu wakitaka kukuambia watakuambia.

Siku moja ya juma lile nilikaa kwenye benchi karibu na yule mama wa sambaza. Alikaa kimya muda wote wa mazungumzo. Tulipokuwa tunarudi, giza likiingia, alisema bila kunitazama, "Aliyenificha mimi tulikuwa hatusalimiani. Ilikuwa habari ya mbuzi." Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimebakiwa na mkaa.

Nimeifikiria sana sentensi ile. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba jirani mwema ni rafiki. Yule mama alikuwa anajua zaidi. Mwanamke aliyemficha hakuwa rafiki yake, lakini alimjua: alijua sauti yake, alijua mbuzi wake, alijua kwamba ni mtu. Urafiki ni baraka ukija. Kujuana ndiko kunakotangulia, na kujuana kunaweza kuwepo hata pale ambapo salamu zimekatika.

Majuma matatu na siku chache baadaye mvua ilinyesha usiku kucha. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 3 Mei 2023. Sisi tuliolala bondeni tulikuwa tumezoea sauti ya Sebeya, kwa hiyo haikuniamsha. Kilichoniamsha ni nyundo ya fundi viatu kwenye mlango wa chuma. "Mwalimu! Mayi! Toa batoto!" Nilipoweka miguu chini, maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo. Umeme haukuwapo. Nilimbeba wa miaka sita, ambaye alilala nami chumba cha mbele, na kabla sijafungua kinywa mzee alikuwa ameshanipita akipiga kelele, "Mudogo iko mu chumba ya nyuma!"

Alijuaje? Mwezi wa Februari komeo la mlango wa chumba hicho lilikuwa limekwama, nikamwomba aje na nyundo yake alilegeze. Alipoingia alikiona kitanda kidogo, akauliza ni cha nani. Hayo tu. Komeo lile alilijua kwa mkono, hata gizani, na akalifungua. Mtoto mkubwa alipokelewa mlangoni na yule kijana wa muziki, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu, naye akampandisha mlimani mabegani. Sisi wengine tulifuata tukishikana mikono, mama wa sambaza mbele na tochi ya simu.

Lakini nisikudanganye kwamba mtaa mzima ulikwenda hivyo. Nyumba ya mwisho kabla ya mto alikuwa amehamia kijana mmoja, majuma matatu kabla. Alitoka alfajiri, akarudi usiku, akafunga mlango. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mpangaji tu, kama ulivyo wewe au mimi siku za kwanza. Wanaume wanne walisimama mbele ya mlango wake maji yakiwa kiunoni na hawakujua waite jina gani. Waliita "Jirani! Jirani!" Hawakujua kama ana mke, kama ana watoto, kama chumba cha kulala ni cha kulia au cha kushoto. Walivunja mlango kwa shoka, wakapapasa chumba kwa chumba. Mmoja wao alikatwa mguu na bati lililokuja na mkondo. Nyumba ilikuwa tupu. Mwenyewe alikuwa amekwenda Musanze kikazi tangu Jumatatu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba anasafiri.

Alirudi Ijumaa. Alikuta matope hadi madirishani na mlango umelala chini, akauliza kwa hasira nani amevunja mlango wake. Akaelezwa. Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akauliza yule aliyekatwa mguu anaitwa nani na yuko wapi.

Nchini kote mafuriko na maporomoko ya udongo ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi, na nyumba zilizoanguka zilihesabiwa kwa maelfu. Isibo yetu haikuzika mtu. Isibo iliyopakana nasi ilizika. Juma lile shule nyingine ziligeuka kuwa malazi, na nilijifunza jinsi mikeka inavyopangwa darasani ili wazee wawe karibu na mlango. Watu walilala kwa mpangilio uleule wa mtaa: aliyekuwa jirani yako bondeni ndiye aliyekuwa jirani yako sakafuni. Hakuna aliyetuamuru. Kila mtu alitaka kumsikia usiku mtu ambaye kikohozi chake anakijua.

Baadaye mamlaka zilizuia watu kurudi kuishi kwenye kingo za mto, na kwa sababu ya usalama siwezi kulilaumu jambo hilo. Lakini mtaa ulitawanyika. Familia nyingine zilikwenda kwa ndugu, nyingine zilipewa kodi ya kuanzia mahali pengine. Mimi nilipata nyumba juu zaidi, karibu na shule. Kijana wa muziki alihamia Kigali. Yule aliyevunjiwa mlango ndiye sasa mtunza daftari wa ikimina yetu. Ana mwandiko mzuri, na kila anaposafiri hutuma ujumbe kwa kundi zima, hata kama anakwenda kulala usiku mmoja tu, jambo ambalo wakati mwingine linatuchekesha.

Mzee alipata shida zaidi. Kuhama ukiwa na miaka thelathini si sawa na kuhama ukiwa na zaidi ya sabini. Mtaa aliopelekwa hauna mtu anayemjua, wateja wake wa viatu wamebaki huku, na Kiswahili chake huko kinaonekana cha kigeni. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilimkuta amekaa ndani, mlango umerudishwa nusu. Nilimuuliza kama ameshakwenda kwa majirani. Akasema wako tayari na bintu byao, hawamhitaji. Nikamkumbusha kwamba mimi nami nilikuwa na kiberiti siku ile.

"Ulikuwa nacho?" akauliza.

Nikamwambia kilikuwa juu ya meza.

Alicheka mpaka akakohoa, akaniita mwongo mara mbili, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kinyarwanda. Kisha akainuka, akaanza kutafuta kigae chini ya kitanda. Hakukipata, vigae vyake vyote vilikwenda na maji. Tukachukua kifuniko cha sufuria.